Injini ya boti ikifa baada ya ovahauli, usiifungue

Malalamiko yanayoletwa siku hizi kwenye kitengo chetu cha ukaguzi wa vyombo vidogo vya majini yanafanana mno. Injini ya dizeli imefanyiwa ovahauli (imefunguliwa yote, ikatengenezwa na kufungwa upya), imerudishwa botini, imewaka vizuri, na kabla mwenye chombo hajammalizia fundi hela yake imeanza kugonga, au imejamu, au imetoboa bloku safarini. Mwenye chombo anasema fundi ameharibu. Fundi anasema nahodha hakuangalia oili. Sisi tunaombwa tuamue, na mara nyingi tunashindwa, kwa sababu kufikia siku hiyo vipuri vimeshaoshwa kwa dizeli na oili imeshamwagwa.

Nitaeleza kesi moja bila kutaja wahusika. Boti ya abiria, injini ya silinda nne, mita ikionyesha imefanya kazi kwa muda wa saa 11 tu tangu ifungwe upya. Nahodha alisikia mlio wa kugonga, akapunguza mwendo, taa ya presha ya oili ikawaka, akazima papo hapo. Hakujaribu kuiwasha tena. Akaomba kuvutwa hadi gatini na akatuita ikiwa bado imefungwa. Tulipoteremsha sampu (bakuli la oili chini ya injini) tulikuta chujio la pampu ya oili limezibwa na nyuzi za silikoni nyekundu, laini, zimejiviringa kama minyoo. Mahali palipotakiwa gasketi ya karatasi fundi alipaka silikoni, tena nene, na ile iliyozidi ikaminyikia ndani. Kisha tukaangalia konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu unaozunguka), kila mmoja ukiwa na kofia yake ya kuufungia kwenye krenki. Kofia iliyokuwa silinda ya tatu ilikuwa na namba 2, na ya silinda ya pili ilikuwa na namba 3. Kofia na konrodi yake huchongwa tundu zikiwa zimefungwa pamoja, kwa hiyo ukizibadilishana tundu halibaki duara. Beringi za konrodi hizo mbili, yaani vigamba vya chuma vinavyokaa kati ya konrodi na krenki, zilikuwa zimechubuka hadi shaba ikaonekana.

Injini hiyo, siku ya makabidhiano, iliwaka kwa mguso mmoja wa swichi.

Hili ndilo jambo linalotusumbua zaidi katika mazungumzo na wenye vyombo: imani kwamba injini ikinguruma imepona. Kuwaka kunathibitisha kwamba kuna mgandamizo wa kutosha na mafuta yanafika kwa wakati wake. Hakusemi lolote kuhusu beringi. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki, kwa injini nyingi ndogo za dizeli, huwa kati ya milimita 0.03 na 0.10 hivi kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Ni unene wa unywele, pengine chini ya hapo. Hakuna sikio linalosikia tofauti ya milimita 0.05 injini ikiwa mpya, na hakuna kidole kinachoihisi. Inapimwa kwa maikromita na inaandikwa.

Kwa hiyo tunaposema fundi amefanya kazi ovyo, mara nyingi hatuzungumzii mtu asiyejua kufungua nati. Tunazungumzia mtu ambaye hakupima. Krenki ikishachongwa hupungua kwa hatua, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50 au 0.75, na beringi lazima ziwe za hatua hiyohiyo. Tumeona krenki iliyochongwa 0.25 ikavishwa beringi za saizi ya mwanzo kwa sababu ndizo zilizopatikana siku hiyo. Presha ya oili inakuwepo injini ikiwa baridi, inaporomoka ikishapata moto. Tumeona boliti za hedi (kifuniko cha juu cha silinda) za aina inayovutika ikikazwa, ambazo kwa kawaida mtengenezaji huagiza zitumike mara moja tu, zimerudishwa zilezile na kukazwa kwa nguvu za mkono bila spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ringi za pistoni zimevishwa juu chini ilhali alama ya upande wa juu imeandikwa juu yake. Makosa haya hayafanani, lakini karatasi ya vipimo ingeyanasa karibu yote. Anayeandika kipimo cha krenki na namba ya beringi kwenye mstari mmoja huona mwenyewe kwamba haviendani.

Iombe karatasi hiyo kabla ya kulipa. Iwe na kipenyo cha kila jenali (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi), nafasi ya oili, pengo la ringi kila moja ikiwa ndani ya silinda yake, toki iliyotumika kwenye hedi na konrodi, na namba za vipuri vilivyofungwa. Najua wengi wenu mnatengenezewa na ndugu au jirani na mnaona haya kudai maandishi. Fundi mwaminifu ndiye anayelindwa zaidi na karatasi hiyo, maana injini ikija kufa kwa kosa la nahodha, yeye ana cha kuonyesha.

Kuna dhana nyingine, kwamba injini ni injini na fundi hodari wa malori anatosha. Wapo mafundi wa malori wazuri sana, na baadhi yao wanafanya kazi bora kwenye boti. Lakini lori lina mteremko, boti haina. Rafadha (propela) inaidai injini nguvu muda wote, kama lori linalopanda mlima kutwa nzima, kwa hiyo kasoro ambayo barabarani ingejificha kwa miezi majini hujitokeza kwa siku chache. Na kuna mambo ambayo barabarani hayapo kabisa. Injini iliyofungwa upya huwa ngumu kuwaka mara ya kwanza kwa sababu ya hewa kwenye mafuta. Fundi anazungusha stata dakika nzima, anapumzika, anarudia. Kama ekzosi ni ya kupozwa kwa maji na koki ya maji ya nje iko wazi, pampu inaendelea kusukuma maji kwenye mafla, na hakuna moshi wa kuyatoa. Mafla ikijaa maji yanarudi nyuma hadi kwenye silinda. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda na kukutana nayo, konrodi inapinda. Inaweza kupinda kidogo tu, injini ikaja kuwaka na kufanya kazi wiki mbili, ndipo konrodi ikakatika. Funga koki wakati wa kuzungusha stata kwa muda mrefu, ifungue mara tu injini inapowaka. Jambo hili huchukua sekunde mbili, na tumeshaandika ripoti kadhaa kwa sababu ya kutofanyika kwake.

Mlinganisho wa injini na shafti ya rafadha, yaani kukaa kwenye mstari mmoja, nao husahaulika. Upimwe boti ikiwa inaelea, si ikiwa juu ya magogo, kwa sababu bodi hubadilika umbo kidogo ikishakaa majini. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kwenye flanji (sahani ya kuunganishia injini na shafti) ya milimita 100, tofauti ya mwanya kati ya upande na upande isizidi kama milimita 0.1. Mtetemo unaolaumiwa injini mara nyingi unatoka hapa.

Sasa suala la cheti cha ukaguzi wa chombo. Wapo wanaotuambia kwamba kanuni za usalama ni za meli kubwa. Ni kweli kwamba mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, wa 1974, kwa sehemu kubwa, hauhusu vyombo vya uvuvi wala meli za mizigo zilizo chini ya tani jumla 500. Hapo ndipo sheria ya nchi ulikosajili chombo inaposhika, na masharti hutofautiana, kwa hiyo soma yaliyoandikwa kwenye cheti chako. Kwa utaratibu wetu, kuifungua injini kwa ovahauli ni matengenezo makubwa na ni lazima tuarifiwe kwa maandishi. Chombo hakibebi abiria hadi kikaguliwe upya na kujaribiwa majini. Anayekwenda kinyume husimamishiwa cheti kwanza, si kutozwa faini kwanza kama wengi wanavyodhani. Faini hufuata iwapo chombo kitakutwa kikifanya kazi wakati cheti kimesimamishwa, na mwenye chombo na nahodha huhojiwa kila mmoja peke yake. Bima nayo inaweza kukataa dai likihusu injini ambayo matengenezo yake hayakuarifiwa.

Na tuelewane kwa hili, kwa sababu tumelirudia mno: ukaguzi wetu si dhamana ya kazi ya fundi. Mkaguzi haifungui injini iliyokwisha kufungwa. Anaangalia presha, joto, moshi, mivujo na mwenendo wake majini kwa muda wa jaribio. Kutuletea cheti tulichokitoa na kusema "nyie ndio mliipitisha" hakusaidii shauri lako. Kinachosaidia ni karatasi ya vipimo, risiti za vipuri na injini ambayo haijaguswa.

Kwa hiyo ikitokea, zima, usiwashe tena hata kwa kujaribu. Piga picha ya mita ya saa za injini na ya kijiti cha oili kikionyesha kiwango. Chukua sampuli ya oili kama nusu lita kabla haijamwagwa, kwenye chupa safi na kavu, si iliyokuwa na dizeli. Filta ya oili iache ilipo. Kama imeshatolewa, itie kwenye mfuko wa plastiki bila kuisafisha, maana tutaikata na kuangalia chembe zilizonaswa kwenye karatasi yake. Mwandikie fundi, umtajie siku ya kuifungua injini na umpe nafasi ya kuhudhuria. Wengi huliruka hili kwa hasira, na ripoti ya ufunguzi uliofanywa bila upande wa pili kujulishwa hupingwa kirahisi. Siku ya kufungua tutapiga picha kila hatua, tutalegeza boliti kwa spana yenye kipimo ili tukadirie zilikazwa kiasi gani, na kila beringi itatiwa alama ya mahali ilipotoka kabla ya kuwekwa pembeni. Pande zote mbili zitasaini orodha ya vipuri. Fundi akikataa kuja baada ya kujulishwa, kukataa kwake kutaandikwa na kazi itaendelea.

Chupa ya oili iandikwe jina la chombo, tarehe na saa za injini kwa kalamu isiyofutika, na maandishi yawe kwenye chupa yenyewe. Zile tulizoletewa zimeandikwa kwenye kifuniko zilichanganyika na nyingine mezani, na mbili kati yake hatukuweza kuzitumia.