Kikomo cha risasi 10 ni cha magazini, si cha nyumba

Wengi wakisikia California ina kikomo cha risasi 10, hudhani mwenye nyumba akivamiwa usiku ana risasi kumi tu, basi. Sivyo. Kikomo ni cha magazini moja, kile kikasha kinachochomekwa kwenye mpini wa bastola. Magazini za akiba anaruhusiwa: zikiisha kumi, anachomoa, anachomeka nyingine.

Sekunde hizo za kubadilisha ndizo zinazolengwa na sheria. Tucson, Arizona, Januari 2011, muuaji mwenye magazini ya risasi 33 alikabwa na raia alipokuwa akibadilisha. Watu 6 walikufa. Hoja kwamba mwenye nyumba naye atazihitaji sekunde hizo naiona nzito, ijadiliwe. Ila sheria si ya Marekani nzima: ya taifa ilikoma 2004, Colorado kikomo ni 15, Texas hakipo.