Taji la jimbo halileti bajeti ya muziki

Wengi hudhani mshindi wa jimbo katika Miss America, shindano la urembo na vipaji la Marekani, akizuru shule kuhimiza somo la muziki, amekuja na fedha za serikali. Sivyo. Taji si cheo cha serikali. Bajeti huamuliwa na bodi ya shule za wilaya na bunge la jimbo. Fedha za kudai zipo: chini ya ESSA, sheria ya elimu ya Marekani ya 2015, wilaya inayopata dola 30,000 au zaidi za Kifungu cha IV-A (ruzuku ya serikali kuu kwa shule) lazima itumie angalau asilimia 20 kwa elimu pana, ambamo muziki unaruhusiwa. Mshindi akiwaimbia wanafunzi tu, watafurahi kweli, lakini wajumbe wa bodi wanaoipigia kura bajeti hawapo. Ni bora azungumze kwenye kikao chao cha wazi, bajeti ikiwa bado haijapitishwa.