Dripu ya haraka ndo uzima? Yaliyogundulika kwa watoto wetu wenyewe

Dhana ya kwanza, mtoto akiwa hoi dripu iende chapchap ndo atapona. Hii sio ya mtaani tu, hata wodini ilikuwa ndo kanuni, mtoto kaletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, anatundikiwa dripu inafunguliwa yote. Kanuni ilitoka nchi zenye ICU (wodi za wagonjwa mahututi) na mashine za kupumulia, sisi tukaibeba ilivyo.

Ukweli: 2009 watafiti wakaanza kuipima hukuhuku kwetu, hospitali 6, Kilifi Kenya, Teule kule Muheza Tanzania na 4 za Uganda. Watoto 3,141. Waliopewa maji kwa kasi walikufa ndani ya masaa 48 kama 10.5 katika kila 100, wale waliokwenda taratibu na dawa zao za kawaida 7.3. Januari 2011 ikabidi wasimamishe. Mimi iliniuma sana, maana miaka yote hiyo tulikuwa tunafungua dripu kwa nia njema kabisa.

Ila mama usinielewe vibaya, watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti huo. Anayeharisha anahitaji maji, mpe ORS, na zinki siku 10 mpaka 14, hilo liko palepale.

Dhana nyingine: utafiti ukishachapishwa basi madaktari wote wanajua. Hapana jamani. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Marekani 2011, WHO ikaja kubadili mwongozo wake wa dharura za watoto 2016, hapo miaka 5 imeshapita na bado haijafika kijijini. Ni kweli kuna Hinari, mpango wa WHO, tangu 2002 inazifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei ndogo, nashukuru sana ipo, lakini inataka intaneti, inataka Kiingereza cha kitaalam, na nesi aliye peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa atasoma saa ngapi?

Wodi niliyokuwepo mimi habari hii tuliipata kwa mwanafunzi aliyekuja field, wala sio kwa waraka. Tukaiandika kwa maka pen, Kiswahili cha kawaida, mistari minne, tukabandika ukutani pale pale dripu zinapotundikwa.