Maharage juu ya swastika: kumsoma Raša Todosijević

Meza zimeunganishwa zikafanya umbo la swastika, alama ya Wanazi wa Ujerumani. Juu yake kuna maharage na mkate, na wageni wanakaribishwa kuketi wale. Aliyeziandaa ni Dragoljub Raša Todosijević, msanii aliyezaliwa Belgrade mwaka 1945. Karamu hiyo ni sehemu ya mfululizo mrefu alioanza 1989 na kuupa jina la Kijerumani, "Gott liebt die Serben", yaani Mungu anawapenda Waserbia.

Ninafundisha historia ya sanaa ya dhana, ile ambayo wazo ndilo kazi yenyewe na vitu vinalibeba tu. Kila ninapoonyesha picha za karamu hii, wapo wanaogeuza uso papo hapo. Nawaelewa. Serbia ilivamiwa na Ujerumani Aprili 1941, na Oktoba mwaka huohuo, mjini Kragujevac, askari wa Kijerumani waliwapiga risasi karibu watu 2,800, wanafunzi wa shule wakiwemo. Kwa Mserbia, alama hiyo ni ya waliomuua babu yake.

Kwa nini basi jina la Waserbia liwekwe pembeni yake? Tazama mwaka. Tarehe 28 Juni 1989, Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alihutubia umati mkubwa huko Gazimestan, Kosovo, katika maadhimisho ya miaka 600 ya vita vya Kosovo vya 1389, ambako Waserbia walipambana na Waturuki wa Dola ya Osmani. Siasa za siku zile ziliwajaza Waserbia imani kwamba wao ni taifa teule, lililoonewa tangu zama za mababu. Todosijević aliyachukua majivuno hayo akayatamka kwa lugha ya adui wa jana. Anayeijua historia husikia humo "Gott mit uns", Mungu yu pamoja nasi, maneno yaliyokuwa kwenye bizimu za mikanda ya askari wa Kijerumani. Sioni tusi kwa Waserbia hapo. Naona swali zito: mkishaamini kwamba mnapendwa kuliko wengine, jirani yenu atakuwa nani? Vukovar 1991, mji wa Kroatia uliobomolewa kwa mizinga, na Srebrenica 1995, mji wa Bosnia ambako majeshi ya Waserbia wa Bosnia waliwaua maelfu ya wanaume na wavulana Waislamu, zilikuwa bado hazijafika.

Kijerumani kilikuwemo katika sanaa yake hata kabla ya hapo. Katika video ya 1978, Marinela Koželj, mke wake, ameketi kimya, mkono wa msanii ukimvuruga uso, huku sauti ya msanii ikifoka bila kukoma: "Was ist Kunst?", sanaa ni nini? Anauliza kama mpelelezi anayemhoji mshukiwa. Swali la darasani linageuka mateso, nasi tunaona jinsi mamlaka inavyoweza kujificha hata ndani ya neno zuri kama sanaa.

Todosijević alikulia kisanaa pamoja na Marina Abramović, msanii anayeutumia mwili wake mwenyewe kama kazi ya sanaa, katika Kituo cha Utamaduni cha Wanafunzi, Belgrade. Abramović naye aliishika alama ya dola: mwaka 1974 alilala ndani ya nyota ya mbao yenye ncha tano, alama ya dola ya kikomunisti ya wakati ule, iliyokuwa ikiwaka moto, akazimia kwa kukosa hewa. Pale anayelipa ni msanii, kwa mwili wake. Todosijević anakudai wewe mtazamaji. Ukikaa kwenye meza ile unakula chakula cha kila siku cha nchi yake, umbo lile likiwa chini ya sahani yako, na hulioni vizuri mpaka usimame. Ndiyo sababu naiweka karamu hii juu ya swastika zake nyingine, zile za masanduku ya safari, ambazo mtu anaweza kuzizunguka bila kuguswa.

Mwaka 2011 Serbia yenyewe ilimpeleka Venice kuiwakilisha kwenye Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, kwa onyesho lililoitwa "Mwanga na Giza la Alama". Kwenye simu, hata hivyo, picha za kazi zake huzunguka bila jina wala mwaka, na hapo swastika hubaki swastika tu. Nawasihi mnaozisambaza: andikeni jina la kazi, na andikeni 1989.