Fedha ya jambia kwa rangi za maji
Fedha haina rangi yake. Jambia likiwekwa kwenye ua wa nyumba ya Mji Mkongwe mchana, upande wa juu wa ala huchukua buluu ya mbingu, na upande wa chini weupe wa ukuta wa chokaa, umanjano kidogo. Mchoraji anayechanganya kijivu kimoja akapaka ala nzima atapata kipande cha bati.

Lakini kabla ya rangi, penseli. Jambia la Kiomani, lile wanaloonekana nalo kiunoni masultani wa Zanzibar katika picha zao, lina ala iliyopinda karibu pembe mraba. Kisu kilichomo ndani hakipindi kiasi hicho, wala hakifiki ncha ya ala. Nasisitiza hili kwa sababu wachoraji wengi hukipa kisu kilichochomolewa mkunjo wa ala yake. Hesabu pia pete za ala: majambia mengi yana nne, ila la aina ya Saidi, lenye jina la ukoo wa kifalme, lina saba. Ukikosea pete, umechora jambia jingine.

Vimeremeto vyote ni karatasi tupu. Rangi nyeupe siitumii, maana juu ya fedha huonekana nzito kama chaki. Kwa hiyo sehemu za kung'aa naziamua mapema, naziacha kavu, na kazi kubwa inabaki kwenye giza. Salfa iliyomo hewani huisawijisha fedha, na weusi huo hujificha ndani ya nakshi, mahali kitambaa hakifiki. Ndio unaotuonyesha umri wa silaha, na ndio unaofanya kila ua la nakshi lisomeke. Wenye majambia ya babu zao, nawaomba sana, msiyasugue mpaka yakawa meupe pe! Weusi wenyewe naupata kwa buluu ya altramarini na kahawia ya siena iliyochomwa. Chembe za altramarini hutua kwenye vishimo vya karatasi, na giza likapata uhai ambao nyeusi ya kopo haina.

Wakati wa masika karatasi nzito ya pamba, ya gramu 300 kwa mita mraba, hukauka polepole mno. Kwa mpini wa pembe hiyo ni neema, kwani rangi huingiana taratibu, bila kingo. Kwa nakshi ni hatari. Naigusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa bado baridi, ina maji ndani, na brashi nyembamba inangoja.