Punguzo la minervali: tunasoma faili, hatusomi undugu

Tangu uandikishaji uanze, meza yetu ya wafanyakazi hapa Lubumbashi haipumui. Malalamiko karibu yote ni hayo hayo: "Nimetumikia chuo hiki miaka yote, mbona mtoto wangu anadaiwa minervali nzima?" Minervali ndiyo ada ya masomo. Punguzo lipo, halikufutwa. Ni la profesa, la asistenti na la mfagiaji vilevile. Lakini apariteri, yaani ofisi inayoandikisha wanafunzi, haiulizi nani anakuita baba. Inatazama orodha ya jamaa iliyo ndani ya faili lako, basi.

Mtoto wa marehemu kaka yako, unayemlea pale Katuba tangu hajaanza kutembea, kwa desturi zetu ni mtoto wako, wala hakuna anayebisha. Kwenye faili bado ni mtoto wa ndugu. Ili aingie kwenye orodha inatakiwa hukumu ya mahakama ya watoto inayomfanya wako kisheria. Barua ya chifu wa mtaa haitoshi, ya mchungaji pia haitoshi. Juzi nililetewa picha ya ubatizo! Kuna wanaonitajia shemeji yao aliye Marekani, eti kule chuo kinasomesha ukoo mzima. Sivyo. Sheria ya kodi ya huko haitozi kodi punguzo la ada ya masomo ya shahada ya kwanza kwa mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na mtoto wa ndugu haingii hivi hivi.

Mke au mume anahesabiwa kwa cheti cha ndoa cha etasivili, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na ndoa. Ndoa ya kimila inakubaliwa ikiwa imesajiliwa komine, yaani kwenye ofisi ya manispaa. Mahari iliyopokelewa mbele ya wazee wote, ikiwa haikusajiliwa, sisi hatuna pa kuiandika.

Sasa cheti cha kuzaliwa, maana hapa ndipo faili nyingi zinakwama. Tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, ofisa wa etasivili hawezi tena kumwandika kwa neno lako tu. Unakwenda mahakamani kutafuta ile hukumu watu wanayoita supletifu, inayoshika nafasi ya uandikishaji uliochelewa. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni mahakama ya watoto. Ukiipata, usiilete kwetu kwanza. Chukua kwa karani karatasi inayothibitisha kwamba hakuna rufaa, peleka vyote komine, hukumu iandikwe kwenye rejista, ndipo utapewa cheti. Wengi wanaishia na hukumu mkononi, kisha wanatukasirikia sisi.

Tazameni na majina. Diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, ikisema Kasongo na cheti kikisema Kassongo, kwetu hao ni watu wawili. Hatusahihishi herufi kwa kalamu, hata kama tunakufahamu na tunaishi mtaa mmoja.

Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), lisansi, yaani shahada ya kwanza, ni miaka 3 na kredito 180. Fomu zinazoandika "G2" au "graduat", majina ya mfumo wa zamani, tunazirudisha. Tafadhali, jazeni upya.

Kuhusu karatasi za uongo, nasema bila kumshuku mtu. Mfanyakazi akigunduliwa ameleta cheti cha kughushi, punguzo linasimamishwa siku hiyo, faili inapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na kiasi chote alichopunguziwa kinadaiwa. Juu ya hayo, Sheria ya Jinai inatoa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, au faini, au vyote viwili, kwa anayeghushi maandishi. Kusema "nilitengenezewa na mtu pale mbele ya komine" hakumwokoi mtu.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya uamuzi wa Kamati ya Uongozi, ambao ndio unaotaja kiwango cha punguzo kila mwaka wa masomo. Anayekuja alete karatasi za asili tuzione, nakala zake, na bordero (stakabadhi) ya benki ya ada ya kujiandikisha, kwa sababu ada hiyo haina punguzo. Picha za WhatsApp hatupokei.