Uhuru wa kiuchumi: cherehani iko upande gani?

Uhuru wa kiuchumi ni jumla ya haki za mtu katika kazi na mali: kuchagua kazi, kuingia mkataba, kumiliki, kuuza, kurithisha. Watu huzitaja kama haki moja, na hapo ndipo mjadala huharibika.

Hata umiliki peke yake ni fungu la haki. Chukua kiwanja Tanzania. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwenye hati anaweza kujenga, kuweka rehani, hata kumhamishia mwingine, ila kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa kufuata masharti ya hati. Fungu limepunguzwa, lakini benki bado hulipokea kama dhamana.

Swali la falsafa ni hili: katika fungu hilo, zipi ni haki za msingi, zisizofutwa hata kwa kura ya wengi? Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani alizitaja chache, zikiwemo kuchagua kazi na kuwa na mali binafsi. Kumiliki njia kuu za uchumi hakukuweka humo, wala hakukupiga marufuku. Kila jamii iamue kwa kuangalia hali na historia yake. Alichohofia ni mitaji kurundikana kwa wachache, kisha wachache hao wakainunua siasa. Ndiyo maana aliipendelea mifumo miwili: ujamaa wa kidemokrasia, au demokrasia ya wamiliki, ambamo mitaji na elimu husambazwa mapema, kwa mfano kupitia kodi ya mirathi, badala ya kungoja watu waanguke ndipo wapewe ruzuku.

Mwanafalsafa mwingine, John Tomasi, alimpinga mwaka 2012: kuendesha shughuli yako mwenyewe ni sehemu ya kujiamulia maisha, kwa hiyo nayo ni haki ya msingi.

Sasa mtazame fundi nguo barazani. Cherehani yake ni mali binafsi na papo hapo ni nyenzo ya uzalishaji. Kwa fundi huyu Tomasi ana hoja nzito: ukimnyang'anya cherehani umemnyang'anya riziki na heshima ya kazi yake. Lakini hoja hiyo haimfikii mwenye hisa wa kiwanda asichowahi kukanyaga; yeye hupoteza faida tu. Azimio la Arusha la 1967 lilipoorodhesha njia kuu za uchumi, lilitaja viwanda vya nguo. Cherehani ya barazani haikuwamo.